Karura: Msitu Ulio Mlangoni mwa Mji

Karani wa Nairobi akipata Jumamosi yake huwa na njia tatu za kuitumia. Hulala mpaka jua liwe utosini. Au huenda madukani kutazama vitu asivyoweza kuvinunua. Au huketi na wenziwe mahali penye kelele, akizipunguza fedha alizokuwa ameziweka za kodi ya nyumba. Mkulima naye, ajapo mjini kwa ajili ya hati ya shamba au kumtazama mgonjwa, akiisha kumaliza shughuli yake hukimbilia kituo cha magari, hata ikiwa amemaliza saa nne za asubuhi na gari la mwisho la kwao huondoka jioni. Ni wachache katika hao wanaokumbuka kwamba upande wa kaskazini wa mji, mwendo usiofika nusu saa kwa gari kama barabara haikusongamana, upo msitu wa hektari zipatazo 1,041, wenye mito na maporomoko ya maji na mapango. Na kwamba msitu huo ni mali ya umma, maana yake ni mali yao.

Nimewasikia wengi wakisema kwamba kutembea pasipo kwenda mahali ni desturi ya kigeni. Mtu mzima, husema, hutembea akienda sokoni, au shambani, au kumlipa mtu deni, au kumkimbia anayemdai. Kuingia msituni bila shoka wala mbwa wa kuwinda, kuzunguka humo saa tatu, kisha kutoka mikono mitupu, jambo hilo lafanana na wazimu. Hoja hii si ya kuchekwa. Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri hana haja ya kufundishwa kunyosha miguu, na mwanamke aliyepanda kilima na mtungi wa maji angemshangaa sana daktari ambaye angemwambia afanye mazoezi. Lakini karani huketi. Huketi ofisini saa nane, huketi ndani ya matatu saa mbili, na akifika nyumbani huketi mbele ya televisheni. Akitimiza miaka arobaini tumbo humtangulia mlangoni. Habari za sukari na za shinikizo la damu zimekuwa mazungumzo ya kila siku katika ofisi zetu, hata kupita habari za mishahara.

Walakini sitaki kuusifu msitu kana kwamba ni dawa ya tumbo tu. Jambo ninalotaka kulisema ni kubwa kuliko hilo: msitu ulio karibu na mji hauna rafiki wa kudumu ila watu wanaoutembelea. Sheria yaweza kubadilishwa, ua waweza kukatwa, na askari aweza kuhamishwa. Bali mtu aliyezoea kupita na watoto wake chini ya mti fulani kila mwezi, siku asipouona mti ule atauliza umekwenda wapi. Habari za Karura zaonyesha hayo waziwazi, nami nitazisimulia kidogo, kwa kuwa vijana wengi wanaopiga picha pale hawazijui.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na magari ya moshi ya siku zile yalitaka kuni nyingi. Misitu iliyouzunguka mji ilikatwa, na pengi pakapandwa mikaratusi, mti wa kutoka Australia unaokua upesi, ili kuni zisikome. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka wa 1932. Ndiyo sababu hata leo mtembezi huona mikaratusi mirefu iliyosimama safu kwa safu kama askari kwenye gwaride, na karibu nayo, penye mabonde, msitu wa kale ambao haukupandwa na mtu. Tena yasimuliwa kwamba wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika mapango yaliyo kando ya mto. Mapango hayo wageni huonyeshwa mpaka sasa.

Baada ya Uhuru mji ulitambaa hata ukaufikia msitu. Upande mmoja ni Muthaiga, upande mwingine ni Gigiri na Runda, mahali ambapo ardhi huuzwa kwa bei ambayo karani hathubutu kuitamka. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu zikaanza kugawanywa kimya kimya kwa watu binafsi na makampuni, na katika mwaka wa 1998 ikajulikana wazi kwamba miti inakatwa na majengo yanaanzwa. Aliyepiga yowe ni marehemu Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, ambaye mwaka wa 1989 alikuwa amekwisha kupinga jengo refu lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park. Tarehe 8 Januari 1999 alifika Karura pamoja na wenzake, miongoni mwao Wabunge na waandishi wa habari. Hawakutaka ila kupanda mti langoni. Wakashambuliwa na kundi la wanaume wenye marungu na mapanga. Wangari akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha habari, na alipotakiwa kutia sahihi, aliitia kwa damu yake mwenyewe.

Mwisho wa mwezi ule wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani kuutetea msitu. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umepigwa marufuku. Miaka mitano baadaye, 2004, Wangari alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na akafariki mwezi wa Septemba mwaka wa 2011.

Wengi huikomesha hadithi hapo, kana kwamba msitu ulipookolewa na majengo mambo yote yalikuwa yamekwisha. La, hayakwisha. Msitu uliokolewa, kisha ukaachwa ukiwa. Kwa muda wa miaka kama kumi, mtu aliyeingia Karura peke yake alihesabiwa kuwa amechoka na maisha. Wanyang'anyi walikaa humo, maiti ziliokotwa, na walioupenda msitu ule walikuwa wezi wa kuni na wachoma makaa. Watu waliokuwa tayari kupigwa marungu kwa ajili ya Karura hawakuweza kupeleka watoto wao kuiona. Na pahali ambapo raia mwema haingii, ni nani atakayejua kama miti kumi imekatwa jana usiku?

Lililoubadili msitu halikuwa vita vingine bali mpango. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005 iliwaruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda chama na kushirikiana na Serikali katika kuutunza. Kwa Karura chama hicho, Friends of Karura Forest, kiliundwa mwaka wa 2009, kikafanya kazi bega kwa bega na Shirika la Huduma za Misitu, ambalo kwa ufupi huitwa KFS. Ua wa umeme ukazungushwa. Walinzi wakaajiriwa, na baadhi yao ni vijana wa kijiji cha Huruma kilicho ukingoni mwa msitu, yaani watoto wa watu wale wale ambao zamani walilaumiwa kwa kila gogo lililopotea. Mimi naona kwamba hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa pale, kupita hata ua wenyewe. Kwani kijana anayepata mshahara kwa sababu mti umesimama hana haja ya kusubiri uanguke.

Kisha njia zikasafishwa, na kila njia panda ikawekewa kibao chenye namba, hata mtu asiyejua mashariki wala magharibi hawezi kupotea akiwa na ramani. Watu wa kwanza waliingia kwa wasiwasi, wakitazama nyuma. Walipotoka salama wakawaambia wengine. Kila aliyeingia alimpunguzia hofu aliyemfuata, na leo mwisho wa juma utaona humo wazee, wanaokimbia, wanaoendesha baiskeli, wachumba walioshikana mikono, na vikundi vya kanisa vyenye masufuria ya pilau. Mnyang'anyi hapendi hadhara ya namna hiyo, na mwenye kunyakua ardhi haipendi hata kidogo.

Si zamani sana mjomba wangu, mkulima wa kahawa, alikuja Nairobi kufuata jambo katika ofisi fulani, akaambiwa arudi kesho yake. Nilikuwa na siku ya mapumziko, nikamwambia twende Karura.

"Tunakwenda kuonana na nani huko?" akaniuliza.

"Hatuendi kuonana na mtu, mjomba. Tunakwenda kutembea tu."

"Na langoni watu hulipa?"

"Hulipa kidogo."

"Kulipa ili nitembee," akasema, akakitazama kiatu chake kana kwamba nacho kina maoni. "Haya, mpwa wangu. Mji ni wenu."

Mwendo wa robo saa hakusema neno. Tulipita mikaratusi, akaitemea mate kando, maana kwao anaijua kwa kukausha chemchemi, na kwa Kikuyu mti huo huitwa mnywa maji. Lakini tulipoteremka bondeni na kuingia katika msitu wa asili, mzee alibadilika. Alisimama mbele ya mti mmoja wenye gome la kijivu, akaugusa, akasema: "Muhugu. Nguzo yake mchwa hawaiwezi. Baba yangu alijengea ghala la mahindi, nami nilipolibomoa nguzo zilikuwa nzima." Mbele kidogo akaonyesha muthiga, akavunja jani na kulitafuna, akanipa na mimi, lilikuwa kali kama pilipili, naye akacheka aliponiona nikitafuta maji. Gome la mti ule, alisema, ndilo walilopewa watoto wenye kikohozi na maumivu ya tumbo kabla ya zahanati kufika kwao. (Walinzi hawaruhusu kubandua gome wala kuvunja matawi, na ni haki, jani moja la mzee nadhani watalisamehe.) Akaniambia habari za mukinduri, ambao yeye huuacha mpakani mwa shamba kwa kuni na kivuli, na za mutamaiyu, ambao mkaa wake ulitumika kusafishia vibuyu vya maziwa. Tulipofika chini ya mugumo mkubwa alivua kofia. Hakueleza, wala mimi sikuuliza.

Nimekwenda Karura mara nyingi, na nilikuwa nimeona miti. Siku ile nilisikia majina yake. Nikawaza kwamba sisi tuliosomea shule za bweni tulifundishwa kuandika insha juu ya misimu minne ya Ulaya, na hatukufundishwa mti mmoja ulio nyuma ya bweni letu. Basi msomaji mwenye mzazi au mjomba wa namna hii na asimwache aketi nyumbani akitazama ukuta ajapo mjini. Amchukue msituni, kisha anyamaze.

Kuna jambo moja lililomshangaza kuliko maporomoko ya maji. Ndani ya msitu lipo tanuri la kale ambalo Benki Kuu ililitumia zamani kuchomea noti zilizochakaa. Mzee alilizunguka mara mbili. "Hapa," akauliza, "walichoma pesa kweli kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama juu kwenye bomba la moshi, kisha akatazama njia ya ofisi tuliyokuwa tumetoka asubuhi, akasema tuendelee na safari.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa kama mita 15, na mvua ikiwa imenyesha, hunguruma hata huwezi kumsikia mwenzio. Karibu yapo mapango niliyokwisha kuyataja. Upande mwingine wa msitu lipo ziwa dogo lenye mayungiyungi, pazuri sana kwa mtu mwenye watoto wadogo wasioweza kwenda mbali. Lakini msomaji asidhani kwamba uzuri wa Karura uko mahali palipochorwa kwenye ramani tu. Mimi hupenda zaidi zile njia nyembamba zisizokwenda mahali pa sifa, ambapo asubuhi na mapema waweza kumwona funo akivuka njia, mwekundu, kichwa chini, kama mtu aliyechelewa kazini. Pongo wamo, na nguruwe mwitu wamo ingawa hutokea usiku. Hondohondo wakipita juu, sauti yao ni ya kuchekesha, na wakati mwingine utamwona ndege wa kijani ambaye akiruka tu hufunua mbawa nyekundu kama damu.

Wanyama watakaokutazama bila haya ni kima. Hao wasipewe chakula. Kima aliyezoea mkate wa watu hujifunza kunyang'anya, na mtoto aliyekwaruzwa hujifunza kuuchukia msitu. Mbega ni wengine kabisa: weusi wenye joho jeupe, wakaao juu mitini na kula majani, wasio na kidole gumba, na ambao watoto wao huzaliwa weupe pepe. Walikuwa wametoweka Karura, wakarudishwa kutoka upande wa Kipipiri katika miaka iliyofuata 2010, na wamestawi. Wana adui mmoja, yaani tai mkubwa mwenye kishungi awezaye kumchukua kima. Wapo waliomwona akifanya hivyo. Mimi bado.

Kazi nyingine inayoendelea ni ile ya kuiondoa mikaratusi kidogo kidogo na kupanda miti ya asili mahali pake. Watu wengine wakiona mikaratusi ikianguka hupiga kelele kwamba msitu unaibwa, na kwa habari nilizozisimulia siwezi kuwalaumu. Heri anayeuliza bure kuliko anayenyamaza. Lakini na waulize kwanza ni mti gani unaokatwa na ni upi utakaopandwa. Mjomba wangu aliposikia mpango huo alitaka kujua papo hapo kama miche ya muhugu huuzwa, na kwa bei gani.

Sasa kuhusu fedha. Ada ya langoni kwa mwananchi ni ndogo kuliko ile ya mgeni, na kwa karani asiye na watoto si mzigo. Lakini mtu mwenye watoto wanne, akijumlisha ada na nauli za kwenda na kurudi, huona kwamba matembezi yamefikia bei ya unga wa siku kadhaa. Wako watu wanaoishi hatua chache kutoka kwenye ua ule ambao husikia maporomoko usiku wala hawajayaona. Naona haifai. Walinzi na ua havilipiwi kwa hewa, hilo nalijua. Hata hivyo ingefaa iwepo siku moja katika mwezi ambayo watoto wa vijiji jirani wangeingia bure pamoja na walimu wao.

Na fedha hizo zilileta mzozo. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka wa 2025, KFS iliagiza kwamba ada zote za langoni zilipwe kwa njia ya eCitizen, yaani moja kwa moja Serikalini. Chama cha marafiki wa msitu kikapinga, kikisema kwamba mapatano ya kuutunza msitu kwa pamoja yanavunjwa, na shauri likafika mahakamani. Si kazi ya ukurasa huu kuhukumu shauri. Mimi hufanya kazi ya kuandika fedha za umma katika vitabu, na najua kwa nini Serikali hupenda kila senti ipite mlango mmoja. Lakini najua pia kwamba anayelipa pale langoni hutaka kuona njia imefyekwa na daraja limetengenezwa juma lijalo, wala si mwaka wa fedha ujao. Tena tazameni ni nani waliopaza sauti siku zile: walikuwa watembezi wa kila Jumamosi, wakimbiaji, na kina mama wenye mbwa. Mwaka wa 1999 mwanamke mmoja alikwenda langoni na wenzake wachache. Mwaka wa 2025 msitu ulikuwa na watu wengi wa kuuliza maswali, hata wale ambao hawakukubaliana jibu ni lipi.

Mkulima anayesoma haya akiwa mbali na Nairobi asiseme kwamba Karura ni habari ya watu wa mjini. Mito inayopita humo, Ruaka, Karura na Gitathuru, huingia katika Mto Nairobi, na Mto Nairobi huingia Athi, na Athi huteremka Ukambani mpaka Galana, ukaitwa Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi. Njia nzima kuna watu wanaonyweshea mifugo na kumwagilia mboga. Maji yanayotoka katika mitaa ya juu huingia msituni yakiwa na uchafu wao. Miti na majani ya kingoni huyapunguzia mwendo na kuyachuja kwa kiasi fulani. Kama mahali pa msitu pangekuwa na paa za nyumba na lami, mvua ya Aprili ingeteremka mara moja pamoja na takataka zake zote, na waliojenga mabondeni wangekuwa wa kwanza kujua. Tumekwisha kuona mafuriko ya mwaka wa 2024 mjini Nairobi, na sihitaji kuyaeleza.

Kwa atakayependa kwenda, haya ndiyo ninayoyajua kwa kuyatenda. Magari yaendayo Ruaka na Banana hupita barabara ya Limuru, na yaendayo Kiambu hupita barabara ya Kiambu; barabara zote mbili zina malango ya msitu, na kondakta ukimwambia "Karura" atakushusha. Malipo ni kwa simu, kwa hiyo mzee asiye na fedha kwenye simu na afuatane na kijana. Fikeni mapema, saa moja au saa mbili, kabla ya jua na kabla ya umati, na muwe mmetoka kabla ya giza. Viatu viwe vya kukanyagia matope wakati wa mvua, maana udongo wa Karura ni ule mwekundu wa Kiambu unaoshika kama gundi. Chai ya chupa, nduma au viazi vitamu, na mayai ya kuchemsha hutosha. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zote za hifadhi, basi chukueni chupa ya kudumu. Mbwa aingiapo awe na kamba. Anayetaka baiskeli aweza kukodi humo humo, ila ajaribu breki kabla ya kuondoka, kwa sababu mteremko wa kwenda mtoni ni mkali na chini yake kuna kona.